Siku za Kusubiri Majibu kutoka Mwanza

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka nyumbani umande haujakauka, kifaranga kwapani, kanga nimejifunika hadi kichwani kama mwizi wa mihogo. Nilikuwa nakwenda kwa mfumu. Ndivyo tunavyowaita huku kwetu waganga wanaopasua kuku na kusoma ndani yake. Kifaranga kilikuwa kimetulia, joto lake linanigusa ubavuni, nami nilikuwa nakionea wivu kwa sababu hakikujua kinakwenda wapi.

Mwanangu, wewe uliyepimwa shingo ya kizazi juzi na sasa hujui ukae au usimame, haya ninakuandikia wewe. Mimi sikusoma sana. Madarasa niliyokaa ni machache, kisha nikatolewa nikaolewa. Usitegemee nikubembeleze. Watakuja wengi kukuambia usiwe na wasiwasi, na wengi wao hawajawahi kusubiri kitu chochote zaidi ya basi. Mimi nimesubiri. Nitakueleza ilivyokuwa, yote, hata yale ambayo wanawake wa umri wangu huyasema kwa kunong'ona.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipokwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zetu zimepangwa mstari kando ya barabara, upande wa Masumbwe. Niliitwa Mama Masanja. Nilikuwa kijana bado, mtoto wangu wa mwisho ndiyo kwanza anaacha kubebwa mgongoni. Mume wangu alikuwa machimboni Geita, anachimba dhahabu na wenzake kwa nyundo na patasi, anarudi nyumbani mara mojamoja. Mimi niliishi na mama yake, na tulilima pamoja viazi na pamba.

Nikaanza kutoka damu nje ya siku zangu. Mume akija, tukilala pamoja, asubuhi nakuta damu kwenye shuka. Mwanzoni nilijiambia ni uchovu wa jembe. Baadaye nikaanza kufua shuka kabla mama mkwe hajaamka, na mtu akishaanza kuficha shuka anajua mwenyewe kwamba si uchovu. Nikaenda hospitali ya misheni. Alinipima sista mmoja mfupi, mikono yake ya baridi, hana maneno mengi.

"Mama Masanja, kuna kidonda kwenye shingo ya kizazi," akasema. "Nimekata kinyama kidogo. Tutakipeleka Mwanza wakakiangalie kwenye mashine yao."

"Ni ule ugonjwa mbaya?"

"Sijui."

"Sista, si umekiona kwa macho yako?"

"Nimekiona. Macho yangu hayatoshi. Rudi wakati malori yanabeba pamba, majibu yatakuwa yamefika."

Nilimchukia pale pale. Nilimwona ananificha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yule mama aliniheshimu. Alikuwa hajui, akasema hajui.

Sasa nikuambie kwa nini niliogopa kiasi kile. Mama yangu mdogo, tumbo moja na mama yangu, alikufa kwa ugonjwa huo nikiwa bado mwali. Mimi ndiye niliyepelekwa kumwuguza. Harufu, mwanangu. Mtu anaoza akiwa hai na anazungumza nawe, anakuuliza kama umekula. Wanawake waliokuja kumwona walikaa mlangoni wakijifanya wanapunga upepo. Alikuwa anawaona. Aliniambia, "Waache, na mimi ningekuwa na miguu ningekaa huko huko." Tulicheka wote wawili. Hakumaliza msimu.

Kwa hiyo nilipotoka kwa sista, sikuwa naogopa kitu nisichokijua. Nilikuwa nakijua hadi harufu yake. Na ndilo lililonipata: nikaanza kujinusa. Naamka najinusa, natoka shambani najinusa, nanusa kanga, nanusa kitanda. Mtoto akija kulala nami namsukuma alale kwa bibi yake. Chakula nikawa nakiangalia tu. Nikikutana na mwanamke kisimani, akipeleka mkono puani kujikuna, basi mimi siku yangu imeisha.

Na huo ulikuwa wakati wa michembe. Kama umekulia mjini labda umeila bila kuijua: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya jabali hadi vikauke kama magome, kisha vinawekwa kwenye kihenge vije kuliwa mvua ikichelewa. Kiazi hakikusubiri. Ukikiacha ardhini fuko anakula, panya anakula, kinachobaki kinaoza. Wanawake wote wa mstari wetu walikuwa juu ya jabali na visu vyao, wanakata na kusengenya waume zao. Mimi nilikuwa ndani, mlango nimeurudisha, nasikiliza mwili wangu.

Mama mkwe alivumilia, kisha akaingia akasimama katikati ya chumba.

"We mkamwana, utakaa humu hadi lini?"

"Nasubiri majibu, mama."

"Majibu yako Mwanza, na Mwanza ni mbali. Kuku wako hapo nje. Chukua kifaranga uende kwa Mzee Luhende. Leo leo utajua."

Usimcheke, mwanangu. Hakuwa mjinga. Alikuwa anaona mke wa mwanawe anakauka mbele yake, na yeye alikuwa na njia moja aliyorithi. Na mimi sikwenda kwa sababu ya imani kubwa. Mimi Mkatoliki, nimebatizwa, rozari ilikuwa ukutani. Nilikwenda kwa sababu ya lile neno lake, leo leo. Anayesubiri yuko tayari kumwuliza yeyote atakayemjibu haraka.

Basi nikafika. Mzee Luhende alikuwa mrefu, mkavu, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anashona kiatu cha tairi. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Wewe mama ni wa kwa nani?"

Nikajitaja, nikamtaja mume wangu na ukoo wake. Akauliza habari za mama mkwe. Akauliza kama bado ana kelele. Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Desturi ni kwamba unakinong'oneza kifaranga shida yako, unakitemea mate kidogo mdomoni, ndipo mfumu anakipasua na kusoma shida yako ndani ya nyama yake. Nikaanza kufanya hivyo. Akaniinulia mkono.

"Ngoja. Sema na mimi kwanza. Kifaranga hakina haraka."

Nikamweleza. Damu, sista, kinyama, Mwanza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kiatu chini.

"Nikipasua nikakuambia u mzima, siku ya majibu utakwenda hospitali?"

Nikakitazama kifaranga.

"Nikipasua nikakuambia u mgonjwa, utakwenda?"

Nikakirudisha kifaranga kwapani. Kwa kweli nilikuwa nimekwisha kufikiri. Akisema mzima, ya nini kwenda? Akisema mgonjwa, nitakunywa mizizi yake, ya nini kwenda?

"Basi hukuja kuuliza," akasema. "Umekuja hapa nikupe ruhusa ya kutokwenda. Sitoi."

"Baba, siwezi tena kusubiri. Sili, silali."

"Nani amekuambia uache kula? Sista?"

"Hapana."

"Ni mimi?"

"Hapana, baba."

"Basi umejihukumu mwenyewe, na hakimu hajafika." Sauti yake haikuwa na huruma hata kidogo. "Nikuambie kitu ambacho sikisemi kwa watu, maana nitakosa wateja. Wanawake wa ugonjwa huo wameletwa kwangu. Walikuja wamechelewa, wananuka. Niliwapa mizizi, nikapokea mbuzi, kisha nikaenda kwenye mazishi yao nikala nyama pamoja na wafiwa. Mama yako mdogo alikuwa mmoja wao. Unadhani simkumbuki? Wewe mtu amekukata nyama angali unatembea kwa miguu yako, halafu unaniletea kuku."

Nikaanza kulia. Hakunizuia. Aliokota kiatu chake akashona. Nilipomaliza akaniuliza:

"Mumeo anajua?"

"Yuko machimboni."

"Machimboni si kaburini. Mwite. Siku ya majibu usiende peke yako, maana peke yako utaishia njiani ukarudi. Tafuta leo wa kukushika mkono. Na viazi vyako?"

"Viko shambani, baba."

"Watoto wako watakula nini mvua ikichelewa, hofu yako? Nenda. Kifaranga nacho kakiachie, kimekuchoka."

Nikasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, nikaondoka na aibu. Hasira nilikuwa nayo pia, usidhani nilitoka pale nimekuwa mtakatifu. Nilimtukana njia nzima, kimoyomoyo. Lakini nilipofika nilichukua jembe.

Mama mkwe akaniuliza, "Kuku amesemaje?"

"Amekataa kusema."

"Amekataa? Huyu Luhende sasa amezeeka!"

Nilimtumia mume wangu ujumbe kwa dereva wa lori, maneno machache tu: mkeo anakuhitaji, njoo. Alikuja amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, akidhani mtoto amekufa. Nilimweleza nikiwa nimegeukia ukuta. Nilitegemea aulize kwa nini sikumwomba ruhusa ya kupimwa, maana wanaume wa wakati ule ndilo lilikuwa swali lao la kwanza. Hakuuliza. Aliinuka, akatoka. Nikajua amekwenda pombeni.

Nilimkuta kwenye jabali, kisu mkononi, anakata viazi. Kazi hiyo kwetu ni ya wanawake, na wanawake wa mstari wetu hawakumwacha salama.

"Jamani, Baba Masanja amegeuka mama!"

"Kata vyembamba, shemeji! Hayo unayokata ni mawe ya dhahabu?"

"Kesho utaletewa mtoto umnyonyeshe!"

Yeye akajibu, "Leteni, ila msinidai maziwa," akaendelea kukata mapande manene yasiyokauka. Nilikaa karibu yake nikawa nayakata upya. Ndipo aliponiambia jambo la machimboni ambalo hakuwa amewahi kuniambia.

"Mwaka jana duara letu lilibomoka," akasema. Duara ndilo jina la wachimbaji la lile shimo lao. "Tulifunikwa ndani, mimi na wenzangu. Giza, hewa kidogo. Kijana mmoja akaanza kupiga kelele na kukimbia huku na huku. Mzee wetu akamkamata akamkalisha. Akasema, hewa yetu ni hii hii, ukiimaliza kwa kelele umetuua. Shika nyundo, gonga mwamba polepole, walioko juu wajue tuko wapi. Tukawa tunagonga kwa zamu. Hatukujua kama wanatusikia."

"Wakawasikia."

"Mimi walinisikia. Kijana yule alikuwa upande mwingine, mwamba ulimwangukia tukiwa tunasubiri. Alikuwa ametulia tayari. Alikuwa kwenye zamu yake ya kugonga."

Nikamtazama. Nilitaka aniambie kwamba waliotulia wote walipona. Hakuniambia hivyo, na sitakuambia hivyo wewe.

Siku zile zilizobaki sikuacha kuogopa. Elewa vizuri. Hofu ilikuwa inakuja kila siku. Ila ilikuwa inanikuta na kisu mkononi, na watu pembeni. Nikiona inanizidi nilisema kwa sauti, "Naogopa," na mume wangu alisema, "Na mimi," tukaendelea kukata. Kujinusa kulipungua, hakukuisha. Mtoto nilimrudisha kitandani kwangu. Uji nilikunywa hata nilipouona kama udongo, kwa sababu Mzee Luhende alikuwa amesema kweli, hakuna aliyeniamuru nife njaa.

Malori ya pamba yakaja. Tulipanda juu ya marobota, mimi na mume wangu. Njiani nilimwambia dereva asimamishe, nataka kujisaidia. Nilishuka nikaingia porini, na kule porini miguu ikaniambia nisirudi. Nilisimama nyuma ya kichuguu. Niliiona njia ya mguu inayorudi kijijini. Mume wangu hakuniita. Alikuja akasimama upande wa pili wa kichuguu, asinione, akakohoa. Nikamjua kwa kikohozi chake cha vumbi la mawe. Nikatoka. Ndiyo maana yule mzee alisema tafuta wa kukushika mkono mapema. Asingekuwepo, leo usingesoma haya.

Sista alituingiza chumbani akafunga mlango. Alipofunga mlango nilijua.

"Mama Masanja, ni ule ugonjwa."

Nikasikia mume wangu anavuta pumzi.

"Nisikilize," sista akaendelea. "Ni ule ugonjwa, lakini umekutwa mapema, kidonda ni kidogo. Haujatoka kwenye shingo ya kizazi. Mwanza wanataka uende sasa, siyo baada ya mavuno. Watatoa kizazi chote."

"Sitazaa tena?"

"Hutazaa tena."

Hayo ndiyo majibu niliyosubiri, mwanangu. Yalikuwa mabaya. Chozi halikutoka pale. Nilimwuliza lori la Mwanza linaondoka lini. Sijui swali hilo lilitoka wapi, nadhani lilitoka kwenye zile siku za kukata viazi, mikono ilikuwa imeshazoea kufanya kinachofuata.

Walinipasua. Niliumwa sana. Kulikuwa na mwanamke kitanda cha jirani, mwenzangu wa ugonjwa ule ule, mcheshi, anaimba, ananiita bibi harusi kwa sababu ya nilivyotembea kwa madaha na kile kidonda. Alikuwa amepimwa mapema mwaka uliotangulia, na majibu yake yalikuwa yamefika kwa wakati. Hakurudi kuyachukua. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha: "Niliona nisipoyasikia hayapo." Alifikishwa pale akiwa hawezi tena kupasuliwa. Alifariki nikiwa nafundishwa kutembea ukumbini. Nilimsikia akiwa anaomba maji, kisha sikumsikia.

Na nyumbani hakukuwa na ngoma ya kunipokea. Mama mkwe alinihesabia watoto, akaona hawatoshi, akamtafutia mwanawe mke wa pili. Mume wangu aliniuliza. Nikamwambia aoe. Iliniuma kuliko kisu cha Mwanza, lakini niliumwa nikiwa hai, nikiwalisha wanangu michembe ya kihenge kile mvua zilipochelewa. Huyo mke mwenzangu tulizeeka pamoja, na ukimwuliza atakuambia nilikuwa mkali. Ni kweli.

Sasa nisikilize, niliyokuitia ni haya.

Kuogopa huwezi kuacha, usijilaumu kwa hilo. Ila usiiachie hofu chakula chako, wala usingizi wako, wala watoto wako. Majibu hayajaja, na mpaka yaje wewe ni mtu mzima mwenye kazi zake. Kula hata kama huna hamu. Shika kazi ya mikono, yoyote, fua, palilia, suka. Ukikaa mlango umefungwa unausikiliza mwili, utasikia kila kitu, maana mwili hauishi kutoa sauti.

Mwambie mtu. Usiwaambie wote, mstari wetu ulikuwa na midomo na wa kwenu unayo. Chagua mmoja atakayekwenda nawe siku hiyo, umwambie leo. Kama mumeo ni wa kugombana, chukua dada, chukua rafiki, nichukue mimi, miguu bado ninayo.

Usitafute jibu la haraka kwa mwingine. Siku zetu alikuwa mfumu, siku zenu sijui ni nani, naona mnauliza simu zenu hadi mnaumwa macho. Wa kukujibu ni yule aliyekuchukua kipimo. Kama hukuelewa, rudi ukamwulize tena, na tena, hadi uelewe. Manesi wananiambia wengi mnaopimwa mnakutwa salama, na wengine mnakutwa na kitu kidogo kinachotibiwa siku hiyo hiyo mkarudi nyumbani. Namshukuru Mungu kwa hilo, sisi hatukuwa nalo. Lakini siwezi kukuahidi. Sijui lako ni lipi, na nisiyejua nasema sijui.

Ninalojua ni moja. Likiwa jema au baya, nenda ukalichukue. Yule wa kitanda cha jirani alikuwa mwema kuliko mimi, mcheshi kuliko mimi, na mzuri wa sura kuliko mimi. Mimi niliyekwenda ndiye ninayekuandikia.

Mungu akupe miguu ya kufika kwenye mlango ule, akupe na mtu wa kukaa nawe kwenye benchi. Akupe masikio ya kusikia utakaloambiwa hadi neno la mwisho. Na ukitoka pale, vyovyote itakavyokuwa, akupe njaa ya chakula cha jioni. Amina, mwanangu. Sasa inuka, ukapike.